Kabla Ununue Kamera Mpya, Toa Flashi Juu ya Hiyo ya Zamani

Wasee wa rika langu hapa Machakos huniuliza swali moja karibu kila wiki: "Buda, kamera gani ninunue?" Hakuna anayeuliza taa. Kila mtu ameona video ya jamaa wa ng'ambo akifungua boksi la kamera ya laki tatu, akaamini picha safi hutoka ndani ya hilo boksi. Mimi naona tofauti, na nitasema mapema ndio usinitafute mwisho: kama una kamera yoyote ya kubadilisha lenzi, hata ya miaka 10 iliyopita, pesa yako inayofuata isiende kwa kamera. Iende kwa flashi moja ya bei ya chini na kifaa cha kuiwasha ikiwa mbali na kamera.

Acha niweke hesabu yangu mezani. Kamera nilinunua mtumba Nairobi kwa 18,000. Flashi, pia mtumba, 4,500. Triga mbili za redio, moja ya kutuma na moja ya kupokea, 2,500. Stendi na mwavuli mweupe 3,500. Betri 8 za kuchaji pamoja na chaja yake, 3,000. Jumla 31,500. Hizo ni bei zangu, zako zitategemea siku na mdomo wako. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na tangu hapo hilo begi ndilo ofisi yangu. Ndilo linalonilipia nyumba.

Sasa, kwa nini taa itoke juu ya kamera? Jaribu hii kitu usiku wa leo, na haihitaji hata kamera. Stima ikipotea (na itapotea), washa tochi ya simu, ishike karibu kabisa na jicho lako, umwangalie ndugu yako. Utaona uso bapa kama chapati. Pua haina kimo, mashavu hayana mviringo, na ukuta ulio nyuma yake umemezwa na giza. Sasa nyoosha mkono kando, inua tochi juu kidogo ya kichwa chake, halafu uielekeze kwa uso. Mara moja pua inasimama, taya linaonekana, macho yanapata uhai. Tochi ni ile ile na betri ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaona vivuli.

Hapo ndipo mambo yote yako. Flashi ikikaa juu ya kamera, mwanga unatoka karibu na pale lenzi inapoangalia, kwa hivyo vivuli vinajificha nyuma ya vitu, mahali lenzi haifiki. Na kivuli ndicho huambia jicho kwamba kitu kina umbo. Ukihamisha taa kando, unarudishia uso kile kamera ilikuwa imeuibia.

Watu wa hapa kwetu tungefaa kujua hii bila kufundishwa. Kule Wamunyu, kaunti hii hii, watu wamechonga vinyago kwa karibu karne moja. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Mutisya wa Munge, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa ameona kazi ya Wamakonde. Angalia kinyago vizuri. Hakina rangi ya ngozi wala ya mdomo, ni mti wa rangi moja tu. Unajua huyu ni mzee na yule ni msichana kwa sababu patasi imechimba, na mwanga ukipita kando, yale mashimo yanashika giza. Kimulike kutoka mbele kabisa uone kama hakitarudi kuwa gogo.

Na hapa ndipo naingia kwa jambo linaloniuma: ngozi zetu.

Ngozi nyeupe hurudisha mwanga mwingi uliotawanyika, kwa hivyo hata ukiimulika ovyo bado utaona kitu. Ngozi nyeusi hurudisha kidogo, lakini ina zawadi yake: inang'aa. Umbo la uso mweusi linasomeka kwa ile mistari ya mng'ao kwenye shavu, kwenye daraja la pua, kwenye paji. Ukileta taa pana kutoka kando, mng'ao unakuwa mrefu na laini, kama mti uliopigwa msasa na nta. Ukileta taa ndogo kutoka mbele, unapata doa moja jeupe la jasho kwenye paji na uso uliobaki ni giza tupu. Kosa si la uso. Taa imesimama mahali pabaya.

Vifaa vyenyewe navyo havikutengenezwa vikitufikiria. Enzi ya filamu, maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kutumia kadi zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, mashine imekaa sawa. Kampuni ya Kodak ilikuja kutoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali miaka ya 1990. Yaani picha nyingi za harusi ya wazazi wetu zilipitia mashine iliyopimwa kwa uso usio wao.

Kamera za leo ni bora sana, lakini zikiachwa zijiamulie bado huchanganyikiwa. Fikiria harusi ya hapa: gauni jeupe, suti nyeusi, ngozi nyeusi, jua kali. Kamera inaona gauni, inaogopa litaungua, inapunguza mwanga. Gauni linatoka fiti na bibi harusi anatoka kivuli. Akiona picha, anafungua programu ya simu na kujipaka filta ya kung'arisha mpaka hatambuliki. Halafu watu wazima wanamcheka: ati wasichana wa siku hizi wanachukia rangi yao. Mimi simlaumu yeye. Namlaumu aliyempiga picha. Mtu akijiona vizuri mara moja tu, kwa rangi yake mwenyewe, hamu ya filta inapungua. Nimeona hii kwa macho yangu mara nyingi mno kuiita bahati.

Kuna wale watasema, "Mimi napiga na mwanga wa asili, jua ni bure." Sawa, tuongee jua la Machakos. Tuko karibu digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa tatu na wa tisa, saa sita mchana jua linakuwa karibu wima juu ya utosi. Macho yanageuka mashimo mawili meusi, na kivuli cha pua kinaangukia mdomo kama masharubu. Lile jua tamu la jioni nalo halikai. Hapa kwetu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na likianza kuzama halina mazungumzo. Sasa niambie, ni harusi gani imewahi kufuata ratiba? Watu wanatoka kanisani saa saba, wanafika People's Park kupiga picha saa nane, jua liko juu, na shangazi anataka ampigie kila mjomba.

Saa hizo mwenye flashi kwa stendi anacheka. Nawageuza maharusi jua liwe mgongoni mwao, ndio wasikunje macho na nywele zipate ukingo wa dhahabu. ISO naweka 100, shata 1/200, tundu la lenzi f/11. Uso bado una giza, ndiyo, lakini mbingu imerudi kuwa bluu. Flashi naisimamisha kama mita 2 kando yao, bila mwavuli kwa sababu hapa nahitaji nguvu yote, nikianza na nguvu nusu na kupanda hadi kamili ikihitajika. Pah! Uso umerudi, mbingu iko, vilima vya Iveti viko. Hakuna kamera ya laki tatu inayofanya hivyo peke yake bila taa.

Twende polepole kidogo hapa, kwa sababu hii sehemu ndiyo huogopesha watu na ni rahisi kuliko kupika ugali.

Picha yenye flashi ni picha mbili zilizolaliana. Ya kwanza ni ya mwanga uliokuwepo tayari: jua, taa za ukumbi, dirisha. Ya pili ni ya flashi. Mmweko wa flashi ni mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, kwa hivyo kasi ya shata haiugusi. Shata inabadilisha tu mwanga uliokuwepo. Ukitaka nyuma iwe giza zaidi, ongeza kasi ya shata. Ukitaka taa za ukumbi zionekane, ipunguze. Tundu la lenzi linagusa zote mbili. Mwanga wa flashi peke yake unaubadilisha kwa kupanda au kushusha nguvu yake, au kwa kuisogeza.

Kuna mpaka mmoja: kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita shata ya 1/200 au 1/250. Ukipita hapo utaona bendi nyeusi kwenye picha, kwa sababu pazia la shata linakuwa limefunika sehemu ya sensa wakati flashi inapowaka. Usipeleke kamera kwa fundi. Rudisha tu kasi.

Nguvu ya flashi imeandikwa kwa mafungu: 1/1 ni kamili, 1/2 ni nusu, 1/4 ni robo, mpaka 1/128. Kila hatua inakata mwanga kwa nusu. Umbali nao una sheria yake. Taa ikitoka mita 1 ikaenda mita 2, mwanga unaofika usoni si nusu, ni robo. Ikienda mita 3, ni sehemu moja kwa tisa. Ndio maana ukisogeza stendi hatua moja picha nzima inabadilika. Na ndio maana unaweza kufanya ukuta mchafu upotee: mlete mtu na taa pamoja, mbali na ukuta, na mwanga utakuwa umekufa kabla haujaufikia. Nimepiga picha za maprofesa watarajiwa kwa chumba cha mita 3 kwa 3 chenye jiko la gesi nyuma. Hakuna anayeliona hilo jiko.

Ndani ya nyumba mimi huanza hivi: ISO 400, f/5.6, shata 1/160, flashi 1/16 ikipita kwenye mwavuli mweupe, mita moja na nusu kutoka kwa mtu, upande mmoja, juu kidogo ya kichwa chake. Napiga moja, naangalia. Ikiwa kali, nashuka 1/32. Ikiwa hafifu, napanda 1/8. Mashine haijui kitu, jicho lako ndilo linaamua.

Mwavuli unafanya nini? Unapanua taa. Flashi yenyewe ina uso mdogo kama pakiti ya biskuti, na taa ndogo hutoa kivuli kikali chenye ukingo kama wembe. Ikipitia mwavuli, chanzo cha mwanga kinakuwa kipana kama mlango wa kabati, na kivuli kinalainika. Kama huna mwavuli, elekeza flashi kwenye ukuta mweupe kando ya mtu, ama tundika shuka jeupe na upige kupitia hapo. Hema jeupe la sherehe ni zawadi kutoka mbinguni, piga flashi juu na lote linakuwa taa. Lakini tahadhari: mwanga hubeba rangi ya kile ulichogonga. Hema la bluu litampaka bwana harusi bluu, na ukuta wa kijani utamfanya mama mkwe aonekane mgonjwa. Hiyo kesi usiitake.

Na upepo! Mwavuli kwenye stendi ni tanga la dau. Mimi hufunga mtungi wa lita 5 uliojaa maji chini ya stendi. Watu hucheka mpaka waone stendi ya jirani imelala chini.

Sasa pesa, kwa sababu hii si mambo ya urembo tu. Rafiki yangu mmoja alitaka kuanza kazi hii akiwa "mkubwa" tayari. Alikopa kwa programu mbili za simu na kwa chama cha mamake, akanunua kamera ya 140,000. Kazi yake ya kwanza ikawa ukumbi wa usiku wenye taa tatu za manjano kwenye dari. Picha zikatoka na mashimo ya macho na nyuso za manjano, safi na kali kabisa, lakini mbaya. Kamera nzuri ilionyesha mwanga mbaya kwa undani zaidi. Wateja hawakurudi, siku za kulipa zikafika, na wakopeshaji wakaanza kupigia watu waliokuwa kwenye simu yake, mpaka mwalimu wake wa zamani. Aliiuza kwa hasara. Siku hizi tunafanya kazi pamoja na kamera yangu ya 18,000: mmoja anapiga, mwingine anashika taa kwenye fimbo, kisha tunabadilishana. Bado analipa chama.

Ndio maana hasira hunipanda nikisikia mtu mwenye jina kubwa akiambia vijana, "Wekeza kwa kamera, utajilipa." Kijana wa miaka 19 hapa hana bima ya kuanguka. Akianguka anaanguka na mamake.

Na flashi moja hufungua milango ambayo hukuifikiria. Muuza viatu vya mtumba anataka picha za kuweka mtandaoni: karatasi nyeupe kubwa, taa kutoka kando na nyuma kidogo, na ngozi ya kiatu inaonekana mpaka mshono. Hiyo ni shilingi 50 kwa jozi, jozi 40 kwa saa mbili. Mama wa hoteli anataka picha ya pilau: taa nyuma ya sahani na mvuke unaonekana. Kuna ntheo, kuna mahafali, kuna ubatizo, kuna wasanii wanaotaka picha ya kasha la wimbo. Hakuna hata mmoja kati yao amewahi kuniuliza kamera yangu ni ya aina gani.

Lakini kazi inayonifanya nisiache ni nyingine.

Baba yangu alikufa nikiwa kidato cha tatu. Tulipotafuta picha ya kuweka kwenye programu ya mazishi, tulipata moja tu ambayo uso wake unaonekana, aliyopigwa na flashi ya simu kwenye sherehe ya mtu. Ilibidi akatwe kutoka kwa kundi. Paji la uso ni jeupe, macho ni mekundu, na begani kuna mkono wa mtu ambaye hatumjui. Fremu hiyo iko sebuleni mpaka leo. Baba alikuwa na uso mzuri sana, wenye kidevu kilichochongwa. Ndugu yangu mdogo hakumbuki. Anajua tu ile picha.

Angalia programu za mazishi zinazozunguka huku kwetu utaona hii hadithi kila wiki. Mtu ameishi miaka 70, amelea watoto saba, amelima, ameuza, ameimba kanisani, na picha yake ni kipande cha kitambulisho kilichokuzwa mpaka kikavunjika vipande vipande. Mtu akiwa hai tunasema picha ni anasa. Siku anayoihitaji, hawezi tena kukaa kitako apigwe.

Kwa hivyo Jumamosi ambazo sina harusi, mimi hubeba begi niende vijijini kupiga wazee. Natoza 300 na hiyo ni pamoja na kuchapisha picha moja. Faida ni kidogo sana. Mwaka jana kule Mutituni nilimkalisha susu wa jirani mmoja kwenye kiti cha mbao, mlangoni mwa jikoni, mwavuli upande wa kushoto. Aliitazama stendi kwa mashaka.

"Mjukuu wangu, hiyo taa iko huko, na wewe uko huku. Sasa ni nani ananipiga picha?"

"Ni mimi, susu. Taa ni ya kukuangazia tu."

"Basi ngoja nivue kitambaa, niangaziwe vizuri."

Akakivua, akapapasa nywele zake nyeupe, akatulia. Nilipomwonyesha kioo cha kamera alikishika kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Akauliza, "Huyu ni mimi ama ni mama?" Mikunjo yote ilikuwepo. Sikufuta hata mmoja. Miezi minne baadaye, picha hiyo ndiyo ilitangulia jeneza lake. Bintiye alinishika mkono akaniambia kitu kimoja tu: "Alikuwa anakaa hivyo kabisa."

Hiyo ndiyo sababu sipendi mtu akiniambia haya ni mambo ya vifaa.

Najua mtauliza: na simu je? Simu nyingi haziwezi kuongea na flashi za aina hii. Hazina mahali pa kuchomeka triga, na sensa zake husoma picha mstari kwa mstari, kwa hivyo mmweko mfupi namna hiyo utakosa picha au kuikata. Kwa simu tumia taa ya LED inayowaka muda wote, au dirisha. Somo ni lile lile: taa kando, lenzi mbele. Mwingine atasema flashi ya moja kwa moja ni mtindo. Kweli, na si dhambi. Malick Sidibé wa Bamako alipiga vijana wakidansi usiku miaka ya 1960 na flashi yake, na mwaka 2007 Venice Biennale ikamtuza Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Ila tofauti ni hii: yeye alichagua. Wengi wetu hatuchagui, flashi imekaa tu pale kamera ilipoiweka.

Ukienda dukani, haya ya kukuokoa. Usinunue ya kwanza unayoonyeshwa. Flashi za kurekebisha kwa mkono kama Yongnuo YN560 III au Godox TT600 zina kipokezi cha redio ndani, kwa hivyo utahitaji kifaa cha kutuma tu, lakini kiwe cha kuelewana na hiyo flashi. Beba kamera yako na ujaribu pale pale, kwa sababu baadhi ya Canon za bei nafuu, kama 4000D na 250D, hazina kile kipini cha katikati juu ya kamera, na triga nyingi rahisi hazitawaka. Usichomeke flashi ya zamani sana, ya enzi ya filamu, juu ya kamera ya dijitali, maana nyingine hurudisha zaidi ya volti 200 na zinaweza kuua kamera. Usifungue flashi hata ikiwa imezimwa: ndani kuna kapasita inayobeba mamia ya volti, na haijali kama wewe ni fundi. Betri chukua za kuchaji. Zile za bei ya kutupa zitakufanya usubiri na bibi harusi amefumba macho.

Halafu kabla hujapiga harusi ya mtu, piga watu wa nyumbani kwa mwezi mmoja. Weka taa kulia, kushoto, juu, karibu, mbali, na uandike namba. Anza na yule mtu mzima wa kwenu ambaye kila akiitwa kwa picha husema, "Nyinyi pigeni, mimi nitawashikia mizigo." Mwambie aweke mizigo chini. Msimamishie taa kando, mita moja na nusu, juu kidogo ya macho. Ukimaliza, chapisha. Usiiache kwa simu, simu huibiwa.